Kikombe cha rangi kinavuja shingoni: nitengeneze adapta ya aina gani?

Dada_Laka ameuliza:

Wakuu habari za kazi. Mimi napiga laka milango na makabati. Bunduki yangu ya kupulizia rangi ni ya kikombe cha juu. Kikombe chake cha asili kilipasuka mdomo, nikapata kingine cha plastiki, mililita 600. Kikonyo chake kina meno ya nje (mistari ya skrubu ya kufungia), na tundu la bunduki lina meno ya ndani. Kinaingia kwa mkono bila shida mizunguko miwili na kitu, halafu kinagoma. Ukikishika unahisi kinacheza.

Nikiweka laka iliyochanganywa, kwanza pale shingoni panalowa, kisha tone linateremka nyuma ya mpini mpaka kiganjani. Likidondokea mlango ambao umeshapigwa, ni kusugua upya. Nimezungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kuvuja kulipungua, lakini sasa bunduki inakohoa: inapiga, inakata, inapiga.

Nawaza kuchora adapta yangu mwenyewe. Chini iwe na meno ya bunduki, juu kikombe kifunge kwa robo mzunguko tu ili nibadilishe haraka. Kuna jamaa ana printa ya 3D. Na mbele ya safari natamani adapta hiyohiyo ipokee mpira wa kupitishia rangi kutoka pipa la presha, maana kazi ya milango mingi kujaza kikombe kila mara ni kero.

Naomba mnisaidie: kinachotakiwa kuziba ni meno yenyewe, oringi (pete ya mpira) au washa (pete bapa)? Plastiki itavumilia thina? Tafadhali msinijibu "nunua bunduki nyingine". Nataka kuelewa kwa nini inavuja.

Mpiga_Boda:

Dada ongeza tepu tu, zungusha kufuata mwelekeo wa kufungia, mikunjo minne mitano. Mimi yangu nilifanya hivyo na haijawahi kunisumbua.

Mkereza:

Tepu hiyo itoe leo, na utaona kwa nini nasema hivyo ukifungua nozeli, kile kitundu cha mbele rangi inapotokea. Nenda kaangalie kwa tochi nyuma ya sindano: utakuta vinyuzi vyeupe. Kila unapofungua na kufunga kikombe, meno yanaikata tepu, na kipande kinachobaki upande wa ndani kinaoshwa na laka kwenda mbele. Tundu la nozeli yako sidhani kama linazidi milimita 1.4 au 1.5. Kinyuzi kimoja kinatosha kuikohoza.

Sasa kuhusu kuvuja. Meno ya aina hii yanashika, hayazibi. Yapo meno ya bomba yaliyochongoka, membamba mbele na manene nyuma, ambayo yanabanana yenyewe na hapo tepu ina kazi. Tundu la rangi kwenye bunduki kwa kawaida lina meno yaliyonyooka. Kati ya jino na jino kuna njia ya kujiviringisha kutoka ndani hadi nje, na laka nyepesi inaipita hata bila kusukumwa. Piga hesabu: sentimita 15 za rangi ndani ya kikombe zinatoa presha isiyofika hata 0.02 ya bar. Kwa presha hiyo inavuja! Kwa hiyo usitafute nguvu ya kuzuia, tafuta uso unaogusana na uso mwenzake mduara mzima bila kukatika. Meno kazi yake ni kuvuta nyuso hizo zikutane, basi.

Na kwako nina wasiwasi hazikutani kabisa. Ukisema "mizunguko miwili na kitu halafu kinagoma, na kinacheza", nasikia meno mawili yasiyojuana. Moja ya saizi zinazokutwa sana kwenye tundu la rangi ni G3/8, meno ya bomba ya Kiingereza: kipenyo cha nje 16.66 mm, meno 19 kwa inchi, yaani hatua (umbali wa jino hadi jino) ya 1.337 mm. Saizi nyingine inayokutwa sana kwenye vikonyo vya vikombe ni M16, meno ya milimita yenye kipenyo cha 16 mm, hatua 1.5 mm. Ukiingiza M16 ndani ya G3/8, inaingia, kwa sababu ni nyembamba kwa zaidi ya nusu milimita. Ila kila mzunguko unaleta tofauti ya 0.16 mm. Ule ulegevu unaimeza tofauti hiyo mizunguko miwili, miwili na nusu, halafu unaisha. Jino la kwanza linavutana na la mwisho na kikombe kinagoma. Mkono unakwambia kimekaza, kumbe kimekabwa njiani. Bega la kikombe, ule uso bapa unaozunguka kikonyo, liko hewani.

Pima kabla hujachora mstari hata mmoja. Kwenye kikombe ni rahisi: chukua venia (kipimo chenye midomo miwili ya kubana), weka mdomo mmoja kwenye kilele cha jino la kwanza na mwingine kwenye kilele cha jino la sita. Hizo ni hatua tano. Ukipata 7.5 mm ni M yenye hatua 1.5. Ukipata 6.7 ni ya bomba ya Kiingereza. Ukipata kama 7.05, na unene wa nje unakaribia 17, hiyo ni 3/8 ya Kimarekani, meno 18 kwa inchi.

Ndani ya bunduki venia haiwezi kupima meno. Chonga kijiti cha mbao laini, upana wa kidole cha mtoto, kiwe bapa upande mmoja. Kiingize tundu lote, kisha kibonyeze kwa bisibisi kutoka upande wa pili kikandamizwe kwenye meno. Kikitoka kitakuwa na mistari. Pima mistari hiyo kama ulivyopima kikombe. Mbao ngumu haifai, inateleza bila kuacha alama.

 

Rangi_za_Gari:

Namuunga mkono Mkereza kuhusu tepu. Ila swali kwa Dada_Laka: ukivuta kifyatulio, kikombe kinatoa mapovu? Kama kinatoa, hiyo siyo shingo. Ni nozeli imelegea au kikalio chake kimechubuka, hewa inarudi nyuma kwenye njia ya rangi na kupanda kikombeni. Watu wanabadilisha vikombe vitatu wakati ugonjwa uko mbele.

Halafu angalia kitundu cha hewa kwenye kifuniko. Kikiziba kwa laka kavu, rangi inashuka kwa shida na bunduki inakohoa vilevile. Mimi siku hizi natumia vikombe vya mfuko laini ndani, mfuko unajikunja kadiri rangi inavyoisha, hivyo havihitaji kitundu na unaweza kupiga hata chini ya bampa umeigeuza bunduki. Lakini navyo vinahitaji adapta ya bunduki husika, kwa hiyo kupima meno hukwepi.

Dada_Laka:

Asanteni sana. Mapovu hakuna. Nozeli nimeifungua, kweli vinyuzi vyeupe vilikuwepo, nimetoa na kukohoa kumeisha.

Vipimo: kikombe hatua tano ni 7.5. Kijiti cha bunduki kimetoa 6.7. Kwa hiyo Mkereza ulichosema ndicho chenyewe.

Sasa niendelee na adapta? Na nisaidie hapa: siku za nyuma niliweka oringi nyeusi ya kawaida pale begani. Nilipoosha kwa thina ilivimba ikatoka kwenye mfereji wake, ikawa kubwa kuliko tundu. Niitafutie mpira gani?

Mkereza:

Endelea. Chini meno ya nje G3/8, juu meno ya ndani M16 × 1.5, katikati sehemu ya spana yenye pande sita. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye mashine ya kukereza. Nikueleze ambavyo ningeichora mimi.

Nianze na mpira, maana hapo ndipo wengi wanapoteza muda. Ile nyeusi ya kawaida ni naitraili. Inavumilia mafuta, lakini asetoni inaivimbisha kama ulivyoona. Watu watakwambia nunua Viton, aina nyingine ya mpira. Viton inavumilia tolueni na zailini vizuri sana, lakini kwenye asetoni na jamaa zake inavimba vibaya. EPDM, mpira mwingine tena, ni kinyume chake: asetoni inaiweza, tolueni inaiharibu. Thina ya laka mara nyingi ni mchanganyiko wa makundi hayo yote kwenye kopo moja. Kwa hiyo mpira wa kawaida wa kuvumilia vyote huna. Kuna oringi za daraja la juu kabisa zinazoweza, ila bei yake na kazi hii havilingani.

Weka washa bapa ya PTFE, ndiyo ile Teflon. Kemikali hazina habari nayo. Udhaifu wake ni mmoja: ukiibana inatambaa. Leo umeikaza, kesho imejisukuma pembeni na imelegea. Ndiyo maana usiiache wazi kati ya nyuso mbili. Ichimbie kitanda. Washa ya unene 1.5 mm, kitanda kina cha 1.3 mm, inabaki 0.2 nje. Ukikaza, ile 0.2 inabonyea, kisha chuma kinakutana na chuma na washa haina pa kutorokea. Upana wake usizidi milimita 2 hivi. Watu wanadhani washa pana inaziba zaidi. Kwa mkono mtupu ni kinyume: nguvu inasambaa eneo kubwa na hakuna mahali inapobonyea sawasawa.

Njia nyingine ni chuma kwa chuma, koni ndani ya koni, bila washa yoyote. Bunduki zenyewe zinafunga hivyo sehemu nyingi. Inadumu kuliko yote ikichongwa vizuri. Namna ya kuikagua: paka kalamu ya wino mzito mduara mzima kwenye koni, ingiza, kaza kidogo, zungusha robo, toa. Ukiona duara limefutika bila kukatika, imeziba. Ukiona limefutika upande mmoja tu, koni imekaa mshazari na hakuna spana itakayoiokoa. Kwako kikonyo cha kikombe ni plastiki, kwa hiyo koni tumia chini tu kwenye bunduki kama tundu lake lina kikalio cha koni. Kama chini ni bapa, washa chini, washa juu.

Robo mzunguko uliyoitaka: inawezekana, lakini elewa unachokipoteza. Meno yakilegea unayakaza tena. Robo mzunguko ina mwisho, ikifika imefika. Washa ikitambaa sehemu ya kumi ya milimita huna cha kufidia. Ndiyo maana vifungo vizuri vya aina hiyo vina kitu chenye mnepo ndani yake, springi au mpira, na njia yenye mteremko mdogo inayoendelea kuvuta hadi mwisho, pamoja na kishimo cha kukaa ili kisijirudie chenyewe. Mnepo wa mpira thina inakunyima. Utabaki na springi ya bapa iliyokunjwa mawimbi, iwekwe nje ya njia ya rangi. Kwa adapta ya kwanza, mimi ningekaa na meno.

Urefu ufupishe uwezavyo. Kikombe kikijaa, laka pamoja na plastiki vinazidi nusu kilo, na ukilaza bunduki kupiga chini ya rafu uzito huo unaning'inia kama sentimita 12 kutoka shingoni. Kila sentimita unayoongeza kwenye adapta inaongeza mzigo wa kuitikisa ile fungo. Bega liwe pana, milimita 22 hadi 24, na likae bapa kwenye mwili wa bunduki. Bega ndilo linalobeba mtikisiko. Meno yasiachiwe kazi hiyo.

Tundu la ndani liwe sawa na tundu la bunduki, bila ngazi. Pale juu, kikombe kinapoishia, teremsha kwa koni. Ngazi yoyote ndogo laka inakaa, inakauka, na siku nyingine inabanduka kama ganda na kwenda kwenye nozeli.

Sasa printa. ABS asetoni inaiyeyusha, iache. PLA inalegea. Hata ukipata nailoni, ambayo inavumilia thina vizuri, kile kitu kimejengwa tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka kuna vinjia. Kitalowa jasho. Tumia printa kutengeneza sampuli ya kujaribisha kama meno yanaingia na kama mkono wako unapita, halafu kachongeshe ya brasi. Chuma cha pua ni kizuri pia, ila chuma cha pua ndani ya chuma cha pua meno hushikana na kung'ang'ania. Ukipanga kukitumia, upande mmoja uwe metali nyingine. Alumini inafaa pia, mradi usije ukaiosha kwa viondoa rangi vyenye diklorometani. Vimiminika vya jamii hiyo na alumini, hasa ndani ya chombo chenye presha, vinaweza kulipuka.

Na kuna sababu ya pili ya kukataa plastiki, ambayo watu hawaizungumzii. Thina ikipita kwenye njia nyembamba inazalisha umeme tuli. Kikombe cha chuma kikikaa juu ya adapta ya plastiki, kimetengwa na bunduki: kinajikusanyia chaji na hakina pa kuishusha isipokuwa kwa cheche. Cheche karibu na mvuke wa laka unajua mwenyewe. Cha kwako ni plastiki, lakini adapta ikishatengenezwa kesho mtu ataifungia kikombe cha chuma.

Mpiga_Boda:

Aisee. Mimi naenda kufungua nozeli yangu.

Pipa_na_Mpira:

Nijibu la presha, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Dada_Laka, adapta hiyohiyo kwa kikombe na kwa mpira usijaribu. Sababu si ukaidi. Kwenye kikombe cha juu fungo mbovu inadondosha. Kwenye kikombe cha chini, kile cha kufyonza, fungo mbovu haidondoshi kabisa, inavuta hewa na bunduki inakohoa. Kwenye presha fungo mbovu inarusha, usoni. Kila moja inataka fungo lake.

Upande wa mpira tumia koni na nati inayozunguka huru. Hiyo "huru" ni ya lazima. Mpira una tabia ya kujinyonga ukitembea nao, na kama nati haizunguki, ule mnyongo unaishia kuifungua adapta kwenye bunduki polepole bila wewe kujua. Ndiyo maana adapta iwe na pande sita zake: spana moja inashikilia adapta, ya pili inakaza nati ya mpira. Ukikaza kwa spana moja unakaza huku unalegeza kule.

Viunganishi vya haraka vya hewa usivitumie kwa rangi. Vipo vya rangi, vyenye valvu pande zote mbili, lakini vina springi na kona ambazo laka inapenda kukaukia. Mimi naviweka mwisho wa pipa, kwenye bunduki naacha nati.

Mpira wenyewe uwe wa rangi na thina, wenye uwezo wa kupitisha umeme tuli, na pipa liwe na waya wa kwenda ardhini. Kwa laka presha ya kwenye pipa inatosha bar 1 hadi 1.5, mara nyingi hata chini ya hapo. Isikudanganye kwamba ni ndogo. Kifuniko cha pipa chenye kipenyo cha sentimita 24, kikiwa na bar 2 tu chini yake, kinasukumwa juu na nguvu ya zaidi ya kilo 900. Ndiyo maana sufuria la jikoni halifai kugeuzwa pipa, hata lile la presha. Pipa liwe na valvu ya usalama inayofanya kazi, na usiguse kibanio hata kimoja kabla hujaishusha presha mpaka geji isome sifuri na hewa iache kulia.

Kikombe chako cha plastiki usikipe presha kamwe, hata kidogo.

Dada_Laka:

Nimeelewa, adapta mbili. Naanza na ya kikombe, ya brasi, washa juu na chini. Swali la mwisho kwa Mkereza: nitajuaje imeziba kabla sijaisimamisha juu ya mlango wa mtu?

Mkereza:

Jaribu kwa thina tupu, usijaribu kwa laka. Thina ni nyepesi, inapita pasipopita laka. Kaza adapta kwenye bunduki kwa spana bila kuinyonga, kisha kikombe kwa mkono. Kausha shingo yote kwa kitambaa, halafu funga karatasi ya chooni mkunjo mmoja chini ya bega la adapta, na mwingine juu pale kikombe kinapoingia. Jaza kikombe, iache imesimama kwa muda wa kunywa chai. Kisha ilaze upande mmoja, halafu upande wa pili, huku umezuia kile kitundu cha kifuniko kwa kidole. Itikise kama unavyoitikisa kazini.

Karatasi ya chini ikilowa kwanza, tatizo liko kwenye kitanda cha washa ya bunduki: mara nyingi ni kipande cha laka kavu kimebaki kwenye uso, kwangua kwa kijiti, siyo kwa bisibisi. Ya juu ikilowa, angalia kikonyo cha kikombe. Vikombe vya plastiki vina mshono mdogo wa kalibu unaopita begani, unauhisi kwa kucha. Usugue kwa msasa laini juu ya kioo mpaka kucha isiukute. Kisha baada ya siku ya kwanza ya kazi kaza tena mara moja, kwa sababu ya ile PTFE kutambaa.